Mtani Aliyevaa Kofia Yangu

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kulipwa mshahara kwa kukaa juu ya maji. Sisi ni watu wa Ziwani, kijiji cha Mtwara, watu wa korosho na mihogo, na bahari kwetu ilikuwa kitu cha kusikia harufu yake upepo unapogeuka. Nilipoondoka kwenda jeshini nilijua kupalilia, nilijua kubangua korosho bila kuunguza vidole, na nilijua kusoma kitabu nikakimaliza. Kuogelea sikujua. Nilijifunzia kwenye bwawa la nchi ya baridi, nikiwa nimeshavaa sare ya mwanamaji, na mwalimu aliyenifundisha aliwaita wenzake waje kutazama. Sijamsamehe mpaka leo.

Nilitumikia zaidi ya miaka thelathini, nikamaliza nikiwa kanali. Watu wakisikia kanali wa wanamaji wanafikiria mizinga. Mizinga ilikuwepo, na mara mbili tatu ilinguruma, lakini vita vyangu vingi vilikuwa vya karatasi: chombo gani kipewe dizeli, chombo gani kibaki bandarini, nani ameharibu injini na nani ataandika barua ya kujieleza. Kuna miaka nililinda pwani hii ya kusini wakati vita vya ng'ambo ya Ruvuma vinawaka. Kuna miaka ya maharamia, tulipokuwa tukizisindikiza meli za watafuta gesi. Na kuna miaka mirefu ya amani niliyokaa Dar es Salaam nyuma ya meza, nikiandika kwamba hakuna la kuripoti. Gesi ikapatikana, kiwanda kikajengwa Madimba, mimi nikastaafu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nikarudi Ziwani kwenye mikorosho ya mama.

Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba mimi ni mtu wa utaratibu. Nikiulizwa najibu, na nikiuliza nataka nijibiwe. Jambo ninalolisimulia hapa limenitoa kwenye utaratibu huo, na mpaka sasa sina hakika lilianzia wapi. Pengine lilianzia kwenye maji, miaka mingi iliyopita. Mimi naanza na msiba wa mama, kwa sababu hapo ndipo nilipocheka.

Mama alifariki asubuhi, baada ya swala. Hatukuwa tumemaliza kupeleka habari, watani wakawa wameshafika. Ukoo wetu una ukoo wa watani wake, watu waliosambaa pande zote mbili za mto. Mtani haji msibani kulia. Anakuja kuvuruga. Anauzima moto wa jikoni, anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anauzuia mlango maiti isitoke mpaka apewe kuku. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kununa. Mtani huyohuyo ndiye anayechota maji, anayechimba kaburi, anayepika ubwabwa wa wageni. Bila yeye msiba unaonekana kama umefanywa na watu wa kupita.

Mtani wetu mkubwa ni bibi mmoja anayeishi peke yake karibu na Kilambo, kwenye kivuko cha mto, mwembamba, mlimaji hodari wa mihogo. Tangu enzi nilizokuwa nakuja likizo na nyota zangu mbili mabegani, alinitania mimi kuliko ndugu zangu wote. Mbele ya wakwe zangu aliwahi kuniita kiboko wa serikali, mnyama anayenenepa majini bila kulima. Wakwe walicheka mpaka wakasahau kwamba walikuja kunichunguza.

Siku ya msiba aliingia chumbani, akafungua sanduku langu la bati, akatoka amevaa kofia yangu ya sherehe, ile yenye nakshi za dhahabu. Ilimfika kwenye nyusi. Akapindua kinu mbele ya mlango, akapanda juu yake, akaweka kiganja juu ya macho kama anayetazama mbali. Wanawake wawili wa ukoo wake wakakaa chini, mmoja nyuma ya mwenzake, wakaanza kupiga makasia kwa miko ya ugali. Yeye akanyoosha mkono, akatoa sauti nzito ya puani, na wallahi ilikuwa sauti yangu.

"Huku si bandari. Pitieni Kilambo mkaandikwe. Mungu awatangulie."

Wale wa miko wakageuza, wakapiga kasia, wakapiga, wakachoka, wakalala chali vumbini. Watu walivunjika mbavu. Sheikh mwenyewe alijiziba mdomo kwa mkono wa kanzu. Kilichowachekesha zaidi ni ile baraka ya mwisho, jinsi alivyoinua kidole kimoja kama mtu mcha Mungu anayekufukuza kwa heshima. Nilicheka nikatokwa na machozi, na siku kama ile mtu hajui machozi yake ni ya nini. Nikatoa kuku. Akashuka kwenye kinu, akatupisha, tukambeba mama.

Arobaini ikapita. Asubuhi moja nilikuwa nafyeka majani chini ya mikorosho, kichwa hakina kitu, na maneno yale yakarudi yenyewe. Nikasimama na panga mkononi. Yalikuwa maneno yangu mimi. Niliwahi kuyasema, yote, pamoja na ile Mungu awatangulie, mahali ambapo palikuwa na watu wachache sana wa kuyasikia.

Nilikuwa luteni, na ile ilikuwa boti yangu ya kwanza. Ng'ambo palikuwa panawaka moto na watu walikuwa wanakimbilia kwetu. Hakuna aliyesema wazuiwe. Utaratibu ulisema tu kwamba wanaokuja wasiteremke ovyo kwenye fukwe, wapande mto mpaka Kilambo, waandikwe majina, wapewe mahali. Utaratibu mzuri, na hata leo ningeutetea. Asubuhi moja ya mvua tukakuta mtumbwi karibu na pale mto unapoingia baharini, umeelekezwa kwenye mikoko ya upande wetu. Watu wanne au watano. Nikafungua jedwali la maji: linasema bahari inajaa mpaka saa nne. Maji yakijaa yanasukuma mtumbwi kuupanda mto bila shida. Nikasimama ubavuni mwa boti nikawaelekeza. Wakageuza bila ubishi. Tukaendelea na doria, na jioni nikaandika kwamba chombo kimoja kimeelekezwa Kilambo na hali ni shwari. Mkubwa wangu alisifu mwandiko.

Sikuwahi kuufikiria tena mtumbwi ule. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote, kwamba nilikuwa nalala vizuri.

Sasa nikajiuliza: bibi yule ameyapata wapi maneno yale? Labda mimi mwenyewe nilimsimulia mama, nikijisifu likizoni, na mama akayapeleka mbele. Inawezekana. Labda mabaharia wangu waliyafanya kichekesho kwenye vilabu vya Mtwara mjini, yakasafiri. Inawezekana pia. Au yalitoka kwenye mtumbwi. Na kama yalitoka kwenye mtumbwi, basi kuna mtu alifika nchi kavu akayasimulia, na hiyo ingekuwa habari njema. Nilijifariji kwa hilo siku mbili nzima. Siku ya tatu nikawakumbuka wale wanawake wawili wa miko, walivyolala chali vumbini, nikaona habari njema haimalizikii vile.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu: wale watu walifika au hawakufika. Mtu aliyeendesha shughuli kubwa kuliko hiyo asingeshindwa kupata jibu la namna hiyo, nilijiambia. Kuuliza si ujinga.

Nikamfuata mstaafu mwenzangu huko Mikindani, sajenti aliyeshika usukani siku ile. Ni mtoto wa wavuvi, bahari aliijua kabla ya alifu na be, na sasa ana duka dogo la nyavu na ndoano. Alinipa kahawa, akaniambia anaikumbuka siku ile kama jana. Kisha akaisimulia siku nyingine kabisa. Ilikuwa alasiri, akasema, wala haikuwa asubuhi. Hakikuwa mtumbwi, ilikuwa mashua yenye tanga na mbuzi watatu. Na aliyepiga kelele ni yeye, kwa sababu mimi nilikuwa na mafua, sauti imekauka. Nikamwambia sikuwahi kuugua mafua kwenye boti ile. Akaniambia niliugua, na yeye ndiye aliyenichemshia mchaichai.

Tulibishana kama wake wenza. Mwisho wa ubishi sikuwa tena na hakika kama maneno yale niliyasema mimi, au niliyasikia kwake, au bibi yule aliyatunga juu ya kinu na mimi nikayapokea kama kumbukumbu. Nikamuuliza kitu kimoja cha mwisho, kuhusu maji. Hapo akawa anazichambua ndoano zake.

"Maji yalikuwa yanatoka, mkubwa," alisema. "Wewe ulikuwa unasoma."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Jedwali lile lilikuwa la bandarini. Bandarini bahari ilikuwa inajaa kweli. Lakini bara mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na Ruvuma ikifurika haina habari na jedwali la mtu. Kwenye mlango wa mto maji yote yalikuwa yanakwenda nje, ya kahawia, yamebeba magogo. Mtu wa pwani angeona kwa jicho. Mtu wa korosho aliangalia kitabu. Na kuwaambia watu wapande mto kwa kasia saa ile ilikuwa sawa na kuwaambia wapande mnazi kwa magoti.

Lakini huyuhuyu alikuwa amenitajia mbuzi watatu. Nimwamini kwenye maji, nisimwamini kwenye mbuzi? Nilirudi Ziwani kichwa kinauma.

Mke wangu aliponiona nimeanza kuandika maswali kwenye daftari alijua ninakokwenda. Alinikataza. Alisema neno la mtani halifuatwi. Likishasemwa msibani na kuku akatolewa, limeisha, na anayelifuata nyuma amevunja kitu kikubwa kuliko alichopoteza. Alisema mtu wa elimu yangu anajua hilo. Nilimjibu kwamba nimetumia maisha yangu yote kufuatilia taarifa, sitashindwa na ya bibi mmoja. Akarudi jikoni, akaniacha na daftari langu.

Nilikwenda kwa bibi siku ya pili, saa tatu asubuhi, nimevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa uani anamenya mihogo ya kuanika. Kwa kawaida tukikutana yeye huanza kunitukana ninapokuwa bado mbali, nami humjibu kwamba bado hajafa, ardhi imemkataa. Siku ile niliinama, nikasema shikamoo.

Kisu kikasimama. Akauliza taratibu nimemletea msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba. Akasema basi nimekosea nyumba, maana mtani wake haamkii shikamoo. Alijaribu kunisaidia, sasa naona. Alitupa ganda la muhogo kwenye kiatu changu, akasema viatu vya serikali vimeng'aa kuliko kichwa cha mwenyewe. Nilipaswa kulirudisha ganda lile na tusi lake, tunywe chai, niondoke. Badala yake nililiokota nikaliweka pembeni, nikafungua daftari.

Nikaanza vibaya, kwa maswali madogo. Maneno aliyoyasema juu ya kinu, aliyapata kwa nani. Lini. Alikuwa wapi miaka ile ya vita. Akawa ananijibu kwa mizaha: aliambiwa na kambare, aliota ndotoni, aliyasoma kwenye mgongo wa kiboko. Nikakasirika. Nilikasirika kweli, na sauti niliyotoa sikuwa nimeitumia tangu nistaafu. Nilimwambia nataka jibu, mzaha ukome.

Aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akakaa sawasawa kwenye kigoda.

"Sikiliza, ntani wangu," alisema. "Ukiniuliza kama ntani, nitakuchekesha mpaka nife. Ukiniuliza kama askari nitakujibu. Lakini nikishakujibu, mimi na wewe si watani tena. Chagua."

Ninajua sasa kwamba nilikuwa na nafasi ya kufunga daftari. Nilijua hata wakati ule. Lakini nilikuwa nimechoka na kutojua. Mbuzi, mafua, mama, jedwali, yote yalikuwa yanazunguka kichwani na nilifikiri neno moja la kweli lingeyatuliza. Nikamwambia ninauliza kama askari.

"Tulikuwa watano," alisema. "Tuliofika ni wawili. Mimi na kaka yangu, na kaka alikufa baadaye."

Alieleza bila haraka, macho kwenye mihogo. Mtumbwi ulipinduka kwenye mawimbi ya nje, pale mto unapogombana na bahari. Mume wake. Mama mkwe wake. Mtoto aliyekuwa mgongoni, kanga ikafunguka. Yeye na kaka yake walitupwa kwenye mchanga upande wetu, palepale tulipowakataza kuteremka. Wakatembea mpaka Kilambo. Wakaandikwa.

Sikuweza kuandika. Nilisema kwamba jedwali la maji lilikuwa la bandarini. Hilo ndilo lililonitoka mdomoni, Mungu anisamehe, jedwali. Yeye akatikisa kichwa kama anayekubali. Akasema hakuwahi kuniona mtu mbaya. Sikuwatukana. Niliwaonyesha kwa mkono, vizuri, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Alisema hilo ndilo lililomshinda kulielewa miaka yote, kwamba sauti ilikuwa ya mtu mwema.

Nikamuuliza alijua lini kwamba ni mimi. Akasema nilipokuja likizo, mwaka uliofuata. Alikuwa amefika nyumbani kwetu kusaidia kwenye harusi, akanisikia nazungumza nyuma ya nyumba, akaitambua sauti. Alimwendea mama akamwambia. Mama alikaa naye chumbani mchana mzima, harusi inaendelea nje. Hakumwambia anakosea wala hakunitetea. Alimwambia tu kwamba koo zetu ni watani, na mtani hadai damu kwa mtani. Akamwomba anichukue hivyo. Kila wakati moyo ukimwasha, anitukane, aninyang'anye kitu, anichekeshe mbele za watu, nami sitakuwa na haki ya kukasirika hata siku moja.

"Nikamkubalia mama yako," alisema. "Yale matusi yote unayoyakumbuka, ndiyo hayo. Nilikuwa nadai kidogo kidogo. Sasa wewe mwenyewe umetoka nje."

Nilimwambia anisamehe. Nilisema pia kwamba ningerudi nilikokuwa, ningemtania sasa hivi, anipe nafasi. Nilijaribu hata. Nilimwambia mihogo yake mibovu kama meno yake. Hakucheka. Maji yakishamwagika hayazoleki. Alisimama, akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akanitakia safari njema.

Mke wangu hajaniuliza kilichotokea na mimi sijamwambia. Usiku silali vizuri, lakini mchana ndio mgumu zaidi. Natembea kwenye mikorosho nikipanga hoja: utaratibu ulikuwa sahihi, jedwali lilikuwa sahihi kwa bandari yake, sajenti aliona akanyamaza, mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilitoka kijijini ambako maji ni ya kunywa. Nikimaliza kupanga, mtoto yupo palepale, na kanga imefunguka. Mara nyingine nadhani kosa langu ni la asubuhi ile ya mvua. Mara nyingine nadhani ni la daftari. Sijui lipi ni zito, na mtu pekee ambaye ningemuuliza tumemzika.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu aliolewa. Kwetu mjomba ndiye mwenye shughuli, kwa hiyo nilikaa mbele. Watani walikuja na kelele zao, wakaiba kofia ya bwana harusi, wakamficha kondoo wa watu. Bibi yule naye alikuja. Alinisalimu kwa heshima, akanipa mkono. Akakaa kwenye jamvi pamoja na wageni, akala alichopakuliwa, akamshukuru mpishi. Kila aliyenitazama alikuwa anasubiri aanze. Wakati wa zawadi walinyamaza kabisa wakimwangalia yeye, na yeye akawa anamkunjia mtoto wa jirani mikono ya shati.

Baadaye shemeji yangu alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini nimemfanya nini mtani wangu.

Nikamwambia sijui.

Miezi yote ile baada ya msiba nilikuwa nasema sijui na ni kweli sikujua. Siku ile, mbele ya ukoo mzima, ndiyo mara ya kwanza nilipolisema neno hilo nikiwa nadanganya.